Pesa ya maji kwanza: jinsi tulivyoacha kuchemsha kila bidoni Majengo

Mtu anayekuambia "chemsha tu maji, mama" mara nyingi si yeye anayenunua makala, yaani makaa ya kupikia, ya nyumba yake. Nimelisikia shauri hilo kanisani, redioni, kwenye kituo cha afya, hata kwa shemeji yangu anayeishi mahali penye gesi na robine (bomba la maji) ndani ya jiko. Si uongo. Maji yakitokota kweli, kipindupindu kinakufa. Lakini hapa Majengo, mtaa wa Goma, mashariki ya Kongo, bidoni (dumu) ya maji ya lita 20 inanunuliwa, makala ya kuichemsha nayo inanunuliwa, na mtoa shauri haulizi hiyo pesa ya pili inatoka wapi. Nyumbani kwetu tunakunywa maji salama, tena ninauza maharagi tu kwenye soko la Virunga, na mume wangu ni dereva wa pikipiki ya abiria. Naandika kwa kuwa nimechoka kuambiwa eti mpaka uwe na mshahara.

Mgeni anashangaa: ziwa Kivu liko pale chini, inakuwaje maji yauzwe? Tunakaa juu ya lava. Jembe haliingii, kisima hakichimbiki, na hata shimo la choo ni kazi ya nyundo, kwa hiyo vyoo vingi ni vifupi na uchafu haubaki ulipowekwa. Mvua ikinyesha kwa nguvu, kila kitu kinateremka ziwani, na ziwani ndiko wengi wanakochota. Wakati wa mlipuko wa volkano yetu, Nyiragongo, wa Mei 2021 lava iliharibu mabomba na tangi kubwa la maji, watu wengi mno wakarudi ziwani na bidoni zao. Kwa macho maji yale ni safi kuliko ya mto wowote ninaoujua. Wazee wetu wanakumbuka Julai 1994, wakimbizi wa Rwanda walipojaa hapa na kuchota maji hayo hayo ya kupendeza. Kipindupindu na kuhara damu viliua watu karibu 50,000 katika mwezi mmoja hivi. Kwa hiyo anayesema "ona yanavyong'aa" simsikilizi.

Nianze na moto, maana hapo ndipo pesa yetu ilipokuwa ikienda. Goma iko mita karibu 1,460 juu ya bahari, na maji yetu hutokota kwenye nyuzijoto kama 95, hayafiki 100. Wapo wanaolitumia jambo hilo kusema ni lazima sufuria ikae kwenye mbabula, jiko la makala, nusu saa nzima. Hapana. Maji yakitokota kwa nguvu dakika moja yametosha. Dakika tatu ni za watu wa milimani, juu ya mita 2,000. Nusu saa ya kutokota ni makala ya chakula cha jioni yanayopanda hewani, na siku barabara za kuja mjini zikifungwa bei ya mfuko wa makala inaruka mpaka unaona aibu kuuliza.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia: si maji yote ya nyumba yanahitaji kutibiwa. Ya kufua, ya kuosha nyumba na ya choo yaache yalivyo. Yanayohitaji uangalizi ni ya kunywa, ya kusukutua mdomo, ya kuoshea matunda na mboga za kuliwa mbichi, na ya kuoshea vyombo vya mtoto mchanga. Kwetu hiyo ni bidoni moja kwa siku, wageni wakija zaidi kidogo. Hiyo bidoni ina uzi mwekundu shingoni na haiguswi kwa kazi nyingine, hata mtoto mdogo anajua.

Maji yenye uchafu unaoonekana nayapitisha kwanza kwenye kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne. Tumia kikuukuu kilichofuliwa mara nyingi, maana nyuzi zake zimejibana. Kitambaa kipya kina matundu makubwa. Kule Bangladesh watafiti walijaribu jambo hili vijijini kwa sari kuukuu, wagonjwa wa kipindupindu wakapungua karibu nusu, kwa sababu vijidudu vyake hupenda kujishika kwenye wadudu wadogo sana wa majini ambao kitambaa kinawanasa. Nusu haitoshi, ndiyo maana baada ya kitambaa naweka dawa.

Dawa yenyewe ni javeli, ile dawa ya klorini ya kung'arishia nguo. Hapa ndipo ushauri mbaya unapomwagika kama mvua. Mmoja anakuambia weka kifuniko kizima. Mwingine anasema mimina kidogo kwa macho. Mwingine anakuuzia sokoni chupa isiyo na karatasi, huku haijulikani imeongezwa maji mara ngapi. Mimi nanunua famasini, isiyo na manukato wala sabuni ndani, na karatasi yake inasomeka. Ikiwa nguvu yake ni asilimia 5, matone mawili yanatosha lita moja ya maji yasiyo na uchafu, manne kama maji yana ukungu. Sasa nani atahesabu matone 40 kila jioni, watoto wakilia na maharagi yakiungua? Nilikwenda famasini nikanunua sirinji ya mililita 5, ile ya plastiki, nikaacha sindano yake huko huko. Matone 40 ni mililita mbili. Nilichora mstari kwenye alama ya mbili kwa rangi ya kucha, na tangu hapo hata binti yangu anayesoma shule ya msingi anavuta mpaka mstarini, mimi nikisimama kando, anamimina, anatikisa bidoni, anasubiri nusu saa. Sirinji ilikuwa ya bei ya sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kidogo tu za mboga. Sijaona kitu cha bei hiyo kilichonisaidia kiasi hicho.

Baada ya nusu saa nanusa. Harufu ndogo ya javeli ikiwapo, yako sawa. Isipokuwapo kabisa, naongeza kipimo kile kile na kusubiri robo saa tena. Ukipiga hesabu, lita moja ya javeli ingetibu bidoni 500, lakini usinunue chupa kubwa kwa tamaa: jua, joto na muda vinaila nguvu. Chupa ndogo, gizani, mbali na mikono ya watoto. Nyingine zinaandikwa digrii badala ya asilimia, na hesabu yake si hiyo ya kwangu, muulize mfamasia. Vidonge vya Aquatabs vya miligramu 67 ni rahisi zaidi, kimoja kwa lita 20, ukivipata.

Mama mkwe alikataa. Alikuja kutoka kijijini, akanusa kikombe, akakiweka chini.

"Mwanangu, dawa hii itawafunga uzazi."

Nilijibu kwa heshima kwamba hata maji ya bomba la mjini hutiwa dawa ya aina hiyo, na wanaoyanywa wanazaa kila mwaka. Hakucheka. Alisema kwao walikunywa ya chemchemi na hawakufa. Sikubishana, nilijua kinachomkera hasa ni harufu. Nikaanza kuyatibu jioni, asubuhi nayamimina kutoka chombo kimoja safi kwenda kingine mara mbili tatu, juu juu, yapate hewa, kisha nayaacha kivulini yapoe. Harufu ikabaki kidogo tu. Siku moja nilirudi kutoka sokoni nikamkuta anamkemea jirani aliyetumbukiza kikombe ndani ya ndoo: "Hapa kwa mkwe wangu maji yanamiminwa, hayachotwi!" Nilifurahi kuliko kama ningeuza gunia zima. Na alisema kweli, maana mkono unaochovya ndani ya maji yaliyotibiwa unayachafua upya. Chombo chenye robine, au bidoni ya kuinamisha, basi.

Jaribio la jua halikutufaa. Niliambiwa chupa za plastiki zisizo na rangi, zisizozidi lita mbili, zilazwe juu ya bati saa sita za jua kali. Ni kweli linaua vijidudu, na kiangazi lilifanya kazi. Lakini Goma ina mawingu sana. Kukiwa na mawingu zinatakiwa siku mbili, na sisi tuna kiu leo. Anayekaa mahali pa jua afanye, hailipiwi kitu.

Sasa pesa, ambayo ndiyo iliyonipa shida kuliko vijidudu. Ushauri niliopewa ni "weka akiba kinachobaki". Kwa muuza maharagi hakibaki kitu, kamwe. Na wale wanaosema "panga bajeti ya mwezi" wanalipwa kwa mwezi. Mimi nalipwa kwa kikombe cha maharagi. Kwa hiyo napanga kwa jioni. Kabla sijanunua hata nyanya, pesa inagawanywa mara tatu: mtaji wa kesho hauguswi, kisha maji na moto, kisha nyumba. Maji yanakaa mbele ya chakula kwa sababu rahisi: mtoto mmoja akihara, usafiri, dawa na siku nilizokosa sokoni vinakula pesa ya maji ya miezi.

Lakini kupata kitu kikubwa, kama chombo chenye robine au pipa, hapo jioni hazitoshi. Tulikuwa na likelemba ya pesa, mchango ambao kila zamu mmoja anapokea yote, pale avenyu yetu, kama kila mahali Goma. Tatizo la zamu ya pesa ni kwamba kila mtu anajua tarehe yako. Siku unapokea, mjomba ana msiba, shemeji ana deni, minervale, karo ya shule, ya mtoto wa dada imechelewa. Huwezi kukataa, ni ndugu. Kesho yake huna pesa na huna pipa, na bado unalipa zamu za wengine.

Ndipo nilipopendekeza likelemba isiyotoa pesa. Tunachanga kama kawaida, kila wiki, lakini wa zamu anapokea kitu: chombo kipya cha lita 20 chenye robine, bidoni mbili zenye vifuniko, chupa ya javeli na sirinji yenye mstari. Mama mmoja mkubwa wa avenyu, ambaye tunamheshimu wote, alinitazama sana.

"Binti, likelemba ni pesa mkononi. Hii yako ni duka."

"Mama, ile pesa mkononi ilikununulia nini mara ya mwisho?"

Alinyamaza, kisha akasema, "Andika jina langu." Wengine wakafuata. Tulikubaliana walio na watoto wachanga wapokee kwanza, si kwa kura. Mimi niliomba ya mwisho, ili asiwepo wa kusema nimejitungia faida. Mununuzi hakuwa mmoja: wawili wanakwenda pamoja Birere, kwenye maduka ya mjini, wanarudi na karatasi ya bei. Na kwa kuwa mwenye duka alijua tutarudi wiki ijayo, alianza kutupunguzia. Hakuna mjomba aliyekuja kukopa robine.

Kundi lile lile likatupatia bei nzuri ya maji. Badala ya kila mmoja kumsubiri muuza maji njiani na kugombana naye, tuliongea na kijana mmoja wa chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo: bidoni zetu zote kwa safari moja, alfajiri, tunamlipa akifikisha, bei moja iwe kiangazi iwe mvua. Njiani bidoni ilikuwa franka 300 hivi siku nzuri, na siku mbaya ilifika hata 1,000. Yetu ilikaa karibu na ile ya siku nzuri. Naye alifurahi kuwa na wateja wa uhakika.

Mwishoni mwa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, umeme ulikatika, robine zikakauka, watu wakashuka ziwani huku risasi bado zinasikika. Kisha benki zikafunga na pesa taslimu ikawa adimu. Sitasema hatukuogopa. Lakini kila nyumba ya kundi letu ilikuwa na chombo kilichojaa, javeli na kipimo chake, na maji ya ziwa yalipofika hatukuwa na la kuulizana. Kitambaa, mililita nne badala ya mbili kwa kuwa yalikuwa na ukungu, nusu saa. Hakuna mtoto wa kundi letu aliyelazwa kwa kipindupindu majuma yale. Waliokuwa na akiba benki walikuwa wakitazama mlango uliofungwa.

Sanduku la AVEC, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, lile la kufuli tatu na wenye funguo watatu tofauti, nalo ni zuri, na baadhi yetu tumejiunga kwa ajili ya mikopo ya mtaji. Ila usichanganye. Pesa ya AVEC ni ya kazi, hii ni ya maji.

Jambo jingine, bidoni huota utelezi wa kijani ndani. Tia vijiwe vidogo vya lava, sabuni na maji kidogo, tikisa kwa nguvu, suuza. Hivyo vijiwe angalau tunavyo bure.

Zamu tuliyoianza sasa ni ya mapipa na mifereji ya bati kwa ajili ya maji ya mvua. Hayo ni ya kufua na kuoga, nimewaambia wenzangu mapema: moshi wa Nyiragongo una gesi za fluori, mvua inazishusha kwenye mabati, na fluori haiondolewi na javeli wala moto, ukichemsha, maji yanapungua nayo inabaki. Ndiyo inayowatia watoto wengi wa huku madoa ya kahawia kwenye meno. Kwa hiyo pipa halitapewa uzi mwekundu. Ila kila bidoni ya kufulia ambayo hatuinunui inaacha pesa ya bidoni ya kunywa, na mama mkubwa wa avenyu ameshasema safari hii yeye ndiye atakayekwenda Birere kupatana bei.