Sentensi Niliyoiacha Ujiji

Jana mwanangu ameikuta ile nishani. Alikuwa anatafuta kifutio kwenye droo ya kabati, akavuta bahasha ya kaki, vilivyomo vikamwagikia juu ya daftari lake la hesabu. Akaishika kwenye utepe, akaigeuza nyuma, akaipima uzito kiganjani. Kisha akaniuliza, "Mama, Babu alifanya nini mpaka wakampa hii?"

Nilimwambia amalize kwanza hesabu zake. Akamaliza, akala, akalala. Mimi ndiye niliyeshindwa kulala.

Babu huyo ni baba yangu mimi, niliyewahi kumwandika hapa na mizinga yake ya nyuki na baiskeli isiyo na breki. Lakini habari ya safari yetu ya Kigoma sijawahi kuigusa hapa.

Ilikuwa mwaka 2013. Tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Baba alivaa koti lake la kijivu akaenda kwenye maadhimisho hapa hapa Tabora mjini. Alirudi mapema kuliko kawaida. Hakula. Kesho yake ndipo Mama alipomtoa maneno kidogo kidogo: alikuwa amekaa kwenye viti vya wapiganaji, kijana mmoja akamwendea, akamsalimia shikamoo kwa adabu zote, akamwomba ahamie nyuma, kwa sababu viti vile ni vya waliopigana. Wenzake wote walikuwa na nishani kifuani. Yeye alikuwa na vifungo vya koti.

Tulipofuatilia tukakuta tatizo liko kwenye tarehe. Jalada lake lilionyesha ameandikishwa jeshini mwaka 1980. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha mwaka mmoja kabla, kwa hiyo kwa jalada lile Baba hakupigana na mtu. Ukweli ni kwamba alipelekwa vitani akiwa mgambo. Mwalimu alipotoa ile hotuba ya sababu, nia na uwezo, Novemba 1978, Baba alikuwa kijana wa mashamba ya tumbaku Urambo. Kabla mwaka haujaisha alishapanda treni ya Mwanza, akavuka ziwa mpaka Bukoba, akapewa bunduki. Vita vilipokwisha akaomba kubaki jeshini, akaandikishwa upya kama mtu anayeanza moja. Miezi yote ya katikati ikabaki nje ya karatasi.

Karani wa masijala aliyetupokea hakuwa mtu mbaya. Alitufungulia jalada, akatuwekea kidole kwenye tarehe. "Mzee wangu, mimi nasoma kilichoandikwa." Akatutajia vinavyotakiwa: barua ya maombi, hati ya kiapo, picha mbili za pasipoti, na maelezo ya maandishi ya mtu aliyekuwa naye vitani ambaye kumbukumbu zake ziko sawa.

Tukatoka nje, Baba akasimama chini ya mwembe akihesabu kwa vidole. Walioondoka pamoja Urambo. Alihesabu mkono wa kwanza, akaenda wa pili, kila jina akikunja kidole. Kikabaki kimoja. "Yuko Ujiji," akasema. "Kama hajafa."

Hakuwa amekufa. Tulipanda treni mimi na yeye, Mama akatufungia michembe na chupa ya chai. Urambo, Kaliua, Usinge, Nguruka. Baba hakukaa chini tangu tulipovuka Malagarasi. Alisimama dirishani kama mtu anayeogopa kupitwa na kituo, na treni ile mwisho wake ni Kigoma. Njia nzima aliongea nami kuhusu nyuki tu.

Baba Mkubwa (ndivyo nilivyoambiwa nimwite) alikuwa Muha mrefu, mkimya, aliyekwenda Urambo ujanani kutafuta kazi ya tumbaku, vita vikamkuta huko. Baada ya jeshi alirudi ziwani akawa mtu wa dagaa. Yeye jina lake liliingia vizuri, nishani yake alikuwa nayo kwenye mkebe pamoja na kadi ya kliniki. Walisalimiana na Baba kwa kushikana mikono tu, lakini hawakuachiana upesi. Tulikula migebuka iliyokaangwa kwa mawese, na baada ya chakula mke wake akatuletea taa, akatuacha barazani.

Kila nikiwaza safari ile, huwa naishia pale barazani.

Nilikuwa na daftari la kurasa 96 magotini. Baba Mkubwa anasema, mimi naandika. Mwanzo alikwenda vizuri, kama mtu anayetoa taarifa kwa mkubwa wake: tulifika Kyaka tukakuta daraja limevunjwa na watu wa Amin. Tulivuka mto. Tuliingia Mutukula Januari. Masaka Februari. Baba alikuwa akimsahihisha vitu vidogo, kwamba mvua ile haikuwa ya Masaka bali ya kabla ya Masaka, kwamba ng'ombe aliyechinjwa siku fulani alikuwa mweupe. Wakabishana juu ya ng'ombe huyo kwa muda mrefu, wazee wawili, na mimi nilifurahi sana kuwasikiliza. Kwa mara ya kwanza maishani nilimwona Baba akiwa mdogo mbele ya mtu.

Kisha Baba Mkubwa akasema, "Andika: tulipigana Lukaya. Halafu Kampala, tarehe 11 Aprili. Basi, imetosha."

Baba akasema, "Lukaya mwambie yote."

"Yote ya nini?"

"Yote. Aandike."

Baba Mkubwa akaangalia taa. Nilisikia mawimbi, au labda ilikuwa upepo kwenye michikichi, sina hakika. Alipokuwa hasemi, Baba akaanza kusema mwenyewe, na alinisemea mimi, taratibu, akisubiri kalamu yangu imfikie.

Akasema ilikuwa Machi, tarehe 10, jioni. Brigedi yao ilikuwa ya 201, wengi wao mgambo kama wao, watu waliokuwa na jembe mkononi miezi michache tu nyuma. Barabara ya kwenda Kampala pale Lukaya inapita katikati ya bwawa, mafunjo huku na huku, marefu kumzidi mtu. Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakafyatua Katyusha. "Yale makombora yalipita juu yetu, mama," akaniambia. "Hayakutuangukia. Yalikwenda kutua mbali huko nyuma. Lakini mlio wake, sisi hatukuwahi kuusikia. Mtu akasimama akakimbia, na mwingine, na mimi. Tukaingia kwenye mafunjo."

Nikaacha kuandika.

"Andika."

Nikaandika. Akasema alizama mpaka kifuani. Kiatu cha kushoto kilibaki matopeni. Usiku kucha alikuwa ameinua bunduki juu ya kichwa kwa mikono miwili isiingie maji, na mikono ilipokufa ganzi akaitia kwenye kichwa cha funjo lililokatika ikae hapo, akaishika kwa meno kwenye mkanda. Hapa alinionyesha. Alichukua ncha ya kola ya shati lake akaiuma, akainua mikono yote miwili juu, akakaa hivyo kwenye kigoda, barazani Ujiji, mzee wa karibu miaka sitini. Mwanga wa taa ulikuwa unamwangaza kwa chini. Baba Mkubwa akageuza uso.

Sijui alikaa hivyo kwa muda gani. Mimi nilikuwa mtu mzima, mwalimu mwenye darasa la watoto zaidi ya sabini, na nilitamani Mama awepo anishike mkono.

Akashusha mikono. Akasema kwamba kulipokucha walisikia mapigano yanatokea upande mwingine. Brigedi ya 208 ilikuwa imezunguka usiku ikawatokea Walibya kutoka upande wa Kampala. "Hakuna aliyekuja kutuita. Tulitoka wenyewe kwenye maji tukarudi barabarani. Mimi na kiatu kimoja. Tukapigana mpaka wakaondoka."

Baba Mkubwa ndipo aliposema, kwa sauti ya chini kabisa, "Ndugu yangu, ukiandika hayo watakunyima."

"Wanyime wakijua."

"Kuna faida gani?"

Baba akafikiri. "Ukitoa kule kukimbia," akasema, "huko kurudi kutatoka wapi?"

Sentensi zote hizo niliziandika. Daftari lipo mpaka leo na mwandiko wangu wa usiku ule umelala kulia kama mahindi yaliyopigwa na upepo.

Asubuhi Baba alitaka kuona soko la Kibirizi, akaondoka na kijana wa pale nyumbani. Mimi na Baba Mkubwa tukaenda Mwanga, kwenye stesheneri, kuchapisha maelezo. Binti wa kompyuta akaniambia nimsomee. Nikamsomea Kyaka, Mutukula, Masaka. Nilipofika Lukaya nikamwangalia Baba Mkubwa. Alikuwa mlangoni, amenipa mgongo, anatazama pikipiki zinavyopita. Hakunigeukia. Naamini alikuwa anasikiliza.

Nikasema, "Alishiriki mapigano ya Lukaya tarehe 10 na 11 Machi 1979, na kuendelea hadi kutekwa kwa Kampala."

Nilifikiria ile siku ya viti. Nilifikiria mtu fulani mezani, mbali huko, mtu ambaye hajawahi kusikia mlio wowote, akisoma neno "tulikimbia" na kufunga jalada. Nilikuwa namlinda. Ndivyo nilivyojiambia, na hata leo nikijiuliza sipati jibu jingine, ila jibu lenyewe halinikai vizuri.

Baba Mkubwa akaweka sahihi yake na dole gumba. Hakusoma.

Baba tulimkuta nyumbani, ananukia dagaa, amefurahi. Tabora tukaenda kwa hakimu kwa ajili ya kiapo chake, maelezo yakiwa yale yale niliyokwisha kuyapunguza. Miwani yake ilikuwa imevunjika mguu mmoja ndani ya treni, kwa hiyo hakuivaa. Akashika kalamu, akaniuliza, "Umeandika yote, mama?"

Nikasema, "Ndiyo, Baba."

Akatia sahihi.

Mambo yaliyofuata yalichukua muda mrefu na hayana la kusimulia. Barua kwenda, barua kurudi, nakala kupotea, nakala nyingine kupelekwa. Mwaka ukapita, ukaingia mwingine. Jibu lilipokuja lilikuwa na aya mbili: kumbukumbu zake zimerekebishwa, utumishi wake wakati wa vita umetambuliwa, nishani atapewa. Na kweli akapewa. Mama alipika pilau. Majirani wakajaa uani, na Baba akanitaka niisome ile barua kwa sauti, kisha niisome tena kwa waliochelewa.

Watu walipoondoka alinivuta pembeni, karibu na mizinga mitupu. Nishani ilikuwa bado kifuani. Akaniuliza, "Na kule kwenye mafunjo, hawakusema kitu?"

"Hawakusema, Baba."

Akatikisa kichwa pole pole. Akaigusa nishani kwa vidole viwili kama mtu anayempapasa mtoto. "Basi wameelewa," akasema.

Aliivaa kila tarehe 25 Julai mpaka alipofariki, mwaka 2019. Alikaa kwenye viti vya mbele. Mara nyingi nilimpeleka mimi, nikamwangalia anavyokaa, mgongo umenyooka, na nikajua kwamba amenyoosha mgongo ule kwa kuamini kuna mtu serikalini aliyesoma habari ya kiatu chake cha kushoto na akaona bado anastahili. Mara mbili nilitaka kumwambia. Mara ya pili nilishafungua mdomo, tukiwa njiani kurudi, maeneo ya Cheyo, akanionyesha nyuki kwenye mti wa mtu.

Sijui kama wangemnyima. Hilo ndilo linaloniumiza zaidi. Huenda mtu yule wa mezani naye alikuwa na baba yake. Huenda wapo wengi waliokuwa mafunjoni usiku ule, na mmoja wao ndiye aliyepitisha. Sikuwapa nafasi ya kumwelewa Baba, yeye akafa akiwashukuru kwa kumwelewa.

Leo asubuhi kabla ya shule mwanangu ameniuliza tena. Nimemwambia jioni. Daftari nimelitoa, liko hapa mezani, limeanza kunata kurasa. Nitamsomea ule ukurasa wa Lukaya kama Babu yake alivyoutamka, mpaka pale walipotoka kwenye maji. Lakini huyu mtoto namjua. Atachukua na ile karatasi iliyochapwa iliyomo kwenye bahasha, ataweka kidole kwenye mstari kama anavyofanya akisoma, atatafuta mafunjo, atatafuta kiatu, kisha atanyanyua macho kunitazama.