Duka Likibaki Siku Tatu Bila Bosi

Ukitaka kumpima kiongozi wa biashara ndogo, nenda dukani kwake siku ambayo hayupo. Chukua duka la vifaa vya ujenzi lenye wauzaji wawili, mtunza stoo mmoja na kijana wa kupakia. Saruji inauzwa kwa mfuko, nondo kwa kipande, misumari kwa kilo, waya kwa mita, rangi kwa lita. Kila kipimo kina mahali pake pa kuvujisha pesa, na kila mahali hapo pana mtu anayeamua jambo mara kumi kwa siku. Bosi akiwa safarini, maamuzi hayo yanafuata nini?

Maono, ujasiri na ushawishi ni sifa nzuri, sizikatai. Lakini dukani ipo moja inayozibeba zote: bosi awe anatabirika. Wafanyakazi wajue tangu leo atasema nini kesho hesabu ikipungua, mzigo ukija pungufu, au fundi akiomba cha juu. Bosi anayefoka Ijumaa kwa kosa ambalo Jumatatu alilichekea anawafundisha watu wake kusoma uso wake. Muuzaji akishazoea kusoma uso, habari mbaya ataileta siku uso ukiwa mzuri, na kufikia siku hiyo saruji iliyolowa imeshaganda.

Pa kuanzia ni kwenye droo, jioni, mlango ukishafungwa. Wahesabu wawili, kwa sauti. Tuseme asubuhi droo ilianza na chenji ya shilingi 50,000 na sasa ina 812,000. Toa chenji, zinabaki 762,000. Rudisha matumizi ya siku yenye karatasi, tuseme 18,000 za kushusha mzigo, inakuwa 780,000. Ongeza 364,500 zilizoingia kwa lipa namba. Hizi zisomwe kwenye simu ya duka yenyewe, maana meseji anayokuonyesha mteja kwenye simu yake inaweza kuwa ya kughushi. Tumefika 1,144,500. Ongeza mkopo wa 120,000 ambao mteja ametia saini, jumla 1,264,500. Daftari la mauzo linasema 1,270,000. Pamepungua 5,500.

Neno la kwanza litakalotoka mdomoni mwa bosi baada ya hapo lina uzito kuliko hotuba zake zote za mwaka. Akisema "Nani kachukua?", kesho yake muuzaji atafidia kimyakimya kutoka mfukoni mwake, au atamzidishia bei mteja wa kwanza ili hesabu ikae sawa, na bosi hatajua tena kinachoendelea. Akisema "Tupitie tena pamoja, tuanze na saruji", chanzo mara nyingi hujitokeza. Hapa ni mifuko 11 iliyotoka kwa punguzo la shilingi 500 kila mmoja: 11 mara 500 ni 5,500 kamili. Foleni ilikuwa ndefu, muuzaji akapunguza kwa mdomo, mkono ukaandika bei uliyoizoea. Dawa yake ni safu moja zaidi kwenye daftari, ya punguzo, na risiti ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, itolewe kwa bei iliyolipwa kweli. Ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku inayotolewa na mashine hiyo, ibanwe kwenye ukurasa wa siku hiyo hiyo, ili anayekuja kuangalia baada ya mwezi asilazimike kumuuliza mtu.

Upungufu ukijirudia kwa mtu yule yule, zungumza naye pembeni, siku hiyo hiyo, kurasa zikiwa mezani. Kamwe usimwambie mbele ya wateja au mbele ya kijana wa kupakia anayemwita kaka.

Kukata mshahara ndiko wengi wanakokimbilia, tena kwa mdomo tu: "Hizo nitazitoa kwenye mshahara wako." Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu hivyo. Hasara lazima iwe imetokea kazini kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na namna kilivyokokotolewa, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Hata kama sheria isingekuwepo, ningeutetea utaratibu huu. Unamlazimisha bosi kutafuta chanzo kabla ya kutafuta mtu.

Na vyanzo vingine havina mwizi. Mfuko wa misumari wa kilo 25 ukiuzwa kwa nusu kilo unapaswa kutoa vipimo 50. Msumari mmoja wa inchi nne una uzito wa takriban gramu 10. Muuzaji akiachia msumari mmoja wa ziada kila anapopima, kwa sababu mizani haikutulia na mteja anamtazama, mfuko utatoa vipimo 49. Asilimia mbili imeondoka kwa wema. Waya ni hivyo hivyo: sentimita moja ya ziada kila mita, rola la mita 100 linaishia 99. Bosi anayejua hesabu hii huweka kiasi hicho kwenye bei, au huwafungia misumari ya nusu kilo mapema asubuhi wakati duka limetulia. Asiyeijua humfukuza muuzaji mwaminifu, kisha humwajiri mwingine ambaye naye atapungukiwa vile vile.

Sasa jambo ambalo wenye maduka hawapendi kuambiwa. Anayevuruga droo kuliko wote mara nyingi ni mwenye duka. Anapita saa tisa alasiri, anachukua 20,000 ya mafuta ya gari, haandiki, anaondoka. Jioni hesabu imepungua na hakuna anayethubutu kusema "Bosi, zile ulizochukua." Kuanzia hapo daftari limeshakuwa la uongo, na kila mtu dukani anajua kwamba kanuni ni za wadogo. Jilipe mshahara, kiasi kilichopangwa, tarehe iliyopangwa, na ukichukua chochote kabla ya hapo andika kwa mkono wako na utie saini mahali pale pale wanapotia wengine. Mpwa wako anayeuza kaunta naye aandike. Shemeji anayekuja kukopa nondo naye aandike, na muda wake wa kulipa uwe kama wa mteja mwingine. Undugu ubaki nyumbani ukiwa na heshima yake. Ukiuingiza kwenye droo, utapoteza pesa na ndugu.

Kwenye mshahara, tarehe ina nguvu kuliko kiasi. Anayelipwa tarehe 30 kila mwezi anapanga kodi yake na ada ya mtoto. Anayelipwa "wiki ijayo, biashara imebana" anaanza kutafuta njia zake za kuishi, na njia hizo zinapita kwenye kaunta yako. Mwezi ukiwa mgumu kweli, waambie siku kumi kabla, useme sehemu gani utalipa lini, na tarehe hiyo ya pili usiivunje.

Kumpa mtu madaraka nako kunahitaji namba. "Tumia akili yako" haimsaidii muuzaji aliyesimama mbele ya mkandarasi anayetaka mifuko 100. Mwandikie: mpaka mifuko 49 bei ya kawaida, kuanzia 50 punguza mpaka kiasi fulani kwa mfuko, zaidi ya hapo piga simu. Mkopo: nani anaruhusiwa, mpaka kiasi gani, siku ngapi. Karatasi hiyo ibandikwe upande wa ndani wa kaunta. Muuzaji akikosea akiwa ndani ya mipaka uliyompa, hasara ni yako na useme hivyo mbele ya wote. Ukimgeuka hapo, karatasi nzima imekufa.

Suala la fundi lisimamie waziwazi. Anakuja na orodha ya tajiri wake, anataka risiti iandikwe juu kuliko alicholipa ili tofauti aitie mfukoni. Muuzaji akiachwa peke yake na ombi hilo, ataamua kulingana na njaa ya siku hiyo. Msimamo ninaoutetea: risiti ya uongo haitoki hata kama mteja ataondoka, na fundi anayeleta wateja apewe shukrani inayojulikana, inayoandikwa kama matumizi ya duka. Mafundi wachache watahama. Wenye nyumba wakija wenyewe kuulizia bei, watakuta inalingana na risiti walizonazo.

Baada ya haya yote ndipo unaondoka. Anza na nusu siku, kisha siku nzima, kisha siku tatu. Chagua mtu wa kukaimu, mtangaze mbele ya wenzake, mkabidhi funguo na karatasi ya mipaka. Halafu usipige simu. Wao wakikupigia, jibu, na uandike kila simu kwenye daftari: saa, nani, ameuliza nini. Hii ndiyo ripoti ya kweli kuhusu uongozi wako. Simu tatu zikiuliza bei ya bati la geji 30, orodha ya bei haipo au imepitwa na wakati. Simu ya "mteja amerudisha rangi, tufanyeje?" inaonyesha hukuwahi kuweka kanuni ya kurudisha. Simu ya "lori limeshusha saruji, tuziweke wapi?" inasema hukumwonyesha mtunza stoo chaga za mbao, nafasi ya kuacha ukutani, na kwamba safu zisizidi mifuko 10 kwenda juu. Swali likijirudia mara mbili, liandikie jibu la kudumu. Siku isiyo na simu hata moja usiifurahie haraka. Uliza, maana huenda wameogopa kupiga.

Likizo inafanya kazi hiyo hiyo kwa upande wa pili. Sheria ile ile inampa mfanyakazi siku 28 za likizo ya mwaka yenye malipo. Mpe, aende kwao. Atakayeshika nafasi yake atakutana na kila alichokuwa anakibeba kichwani: mteja anayelipa kila Jumamosi, kitasa cha stoo kinachohitaji kuinuliwa kidogo ndipo kifunguke, msambazaji anayeleta mzigo pungufu usipohesabu palepale. Yaandikwe.

Ukirudi siku ya nne, usiingie moja kwa moja kwenye droo. Salimia, ushukuru, umwite aliyekaimu pembeni na uanze na swali la kipi kiliharibika. Msikilize mpaka mwisho bila kukunja uso, hata kama ametoa mkopo usioupenda. Hesabu isubiri jioni, mlango ukishafungwa, kwa sauti, na watu wawili kama kila siku.