Simba wa Mycenae wanaziba tundu

Magofu ya Kaole hapa Bagamoyo yameshikwa na chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe. Maji yakipenya kwenye ufa chokaa hulegea, mizizi ikafuata, ukuta ukafunguka. Ngome ya Mycenae, Ugiriki, haina ujanja huo wa chokaa. Ni majabali juu ya majabali, mapengo yamezibwa kwa vijiwe na udongo, na unene wa ukuta kwa kawaida unazidi mita 5. Kinachoushika ni uzito wake wenyewe.

Kazi yenyewe iko kwenye Lango la Simba, la mnamo 1250 KK. Linta yake, yaani boriti ya juu ya mlango, ni jiwe moja la tani 20 hivi, juu ya uwazi wa karibu mita 3. Jiwe huvumilia kukandamizwa, kupinda halivumilii: ukilipandishia ukuta, litachanika katikati kuanzia chini. Kwa hiyo juu ya linta, katikati, pakaachwa wazi. Kila kozi, yaani safu ya mawe, ilitokezwa ndani kidogo, kulia na kushoto, mpaka zikakaribiana juu, mzigo ukashukia kwenye miimo. Hapo fundi hana budi kukandamiza mkia wa kila jiwe kwa mawe mengine, la sivyo linapinduka na kuangukia ndani. Lile bamba la simba wawili ni kifuniko tu cha pembetatu iliyobaki. Vichwa vyao vilichongwa kando vikapachikwa, na sasa havipo. Watalii hupiga picha simba. Cha kustaajabia ni tundu.

Adui naye alibanwa vizuri: boma limetokeza kuliani kwake, na ngao hushikwa mkono wa kushoto.

Wagiriki wa baadaye hawakuamini kwamba binadamu aliyainua mawe yale. Wakasema Perseus, mwana wa Zeus, ndiye aliyeuasisi mji, na kuta zilijengwa na Cyclopes, majitu ya jicho moja. Tusiwacheke, Pemba nako magofu mengi husemwa ni kazi ya Wadebuli, wageni wa kale wa masimulizi.

Hadithi ya Agamemnon, mfalme wa Mycenae aliyerudi kutoka vita vya Troy akauawa nyumbani kwake, ilimpeleka mwakiolojia Mjerumani Heinrich Schliemann kuchimba ndani ya lango mwaka 1876. Alipata vinyago vya dhahabu, akaamini amemwona mfalme mwenyewe. Makaburi yale ni ya karne ya 16 KK, na vita vya Troy huwekwa mnamo 1200 KK. Kinyago kimojawapo kiko Athens, na bado kinaitwa cha Agamemnon.