Kabla mwenyekiti hajasaini karatasi ya siri

Serikali inapowaita wafanyabiashara kujadili sera ambayo bado haijatangazwa, huweza kuwasainisha mkataba wa kutunza siri, na siri hiyo ina sababu yake. Sheria ya Fedha huanza kutumika tarehe 1 Julai. Msafirishaji wa mabondo (vibofu vya samaki) akinong'onezwa Mei kwamba tozo inapanda, atawahi kupakia mzigo wote, na mwenzake asiyejua lolote ndiye atakayeilipa.

Ila siri ikizidi, inaharibu sera yenyewe. Uingereza ilipokuwa ikijiandaa kutoka Umoja wa Ulaya, wizara ziliwasainisha kampuni na vyama vya wasafirishaji mikataba ya kutunza siri, wabunge wakalalamika. Makadirio ya madhara ya kutoka bila makubaliano, yaliyoitwa Yellowhammer, yalitoka hadharani Septemba 2019, tena baada ya Bunge kuyadai.

Kwa vyama vyetu vya samaki hapa Mwanza, balaa hukaa kwenye kifungu cha tafsiri, kile kinachoeleza siri maana yake nini. Ukikuta "taarifa yoyote itakayotolewa kwa mdomo au maandishi", rudisha karatasi. Maneno hayo yanaweza kufunika hata habari kwamba kikao kilifanyika. Tuseme mjadala ni kubadilisha kipimo cha chini cha sangara, sentimita 50. Mwenyekiti aliyesaini hawezi tena kushuka Mwaloni Kirumba kuwauliza wenye mitumbwi ni kilo ngapi zitakataliwa kiwandani. Atarudi kikaoni na namba ya kukisia, na kanuni itaandikwa juu ya namba hiyo. Hasara wataibeba wavuvi ambao hawakuulizwa.

Dai siri itajwe kwa orodha: nyaraka gani, za tarehe gani, zimegongwa muhuri wa siri. Yaliyokwisha kutangazwa, uliyoyajua kabla na yanayotakiwa na mahakama au Bunge yabaki nje. Iandikwe kwamba unaruhusiwa kushauriana na wanachama, mwanasheria na mhasibu. Weka ukomo, mathalani siku rasimu inapochapishwa. Mkataba usio na mwisho usiuguse. Na mkataba umfunge pia ofisa wa serikali: tani na bei za kiwanda chako zisimfikie mshindani aliyekaa kiti cha pili.

Kwa aliye nje ya kikao, ipo Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016. Raia anaomba kwa maandishi, ofisi ina siku 30 za kumjibu. Taarifa zinazogusa maslahi halali ya kibiashara zinaweza kuzuiwa, kwa hiyo usiombe bei za kampuni. Omba rasimu, orodha ya walioalikwa na tarehe za vikao.