Ukiamka saa 10:30 alfajiri, panga jioni

Anayekaa Chanika, pembezoni mwa Dar es Salaam, na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji, habishani na asubuhi: akichelewa kidogo tu, foleni inamsubiri. Basi kengele ya saa 10:30 alfajiri iache ilivyo, uhesabu kurudi nyuma. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Ongeza dakika 20 za kujigeuzageuza, unaangukia saa 3:10 usiku. Hapo taa iwe imezimwa, siyo ndiyo kwanza unatafuta pasi. Nguo za wiki nzima zipige pasi Jumapili. Hata umeme utaokoa, maana pasi inapashwa moto mara moja.

Kinachoharibu wengi ni kusinzia kwenye daladala wakirudi. Hamu ya usingizi hujijenga kadiri unavyokaa macho, na ukilala dakika 40 saa 1 jioni umeshaipunguza. Saa 3 utabaki kuangalia dari. Ukipata siti jioni, piga soga. Kama umezidiwa, jilaze mchana kabla ya saa 9, dakika 20 basi. Ukizidisha sana unazama kwenye usingizi mzito na kuamka kichwa kizito kuliko mwanzo.

Chai nayo. Kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu mwilini, kwa hiyo kikombe cha saa 11 jioni bado kinafanya kazi saa 4 usiku. Chai ya rangi ina kafeini pungufu kuliko kahawa, lakini vikombe viwili vikubwa havina tofauti kubwa na kahawa moja. Kunywa ya mwisho saa 8 mchana. Jioni, mchaichai.

Joto la Dar lina dawa yake. Pangaboi juu ya chandarua halisaidii sana, kwa sababu neti inazuia upepo. Weka feni ya kusimama kandoni, usawa wa godoro, karibu na neti.

Usingizi ukigoma, toka kitandani, kaa penye mwanga hafifu, rudi macho yakiwa mazito. Usichungulie saa kwenye simu.

Jumamosi usilale hadi saa 4 asubuhi. Usiku wa Jumapili utakulipiza. Ongeza saa 1 tu, deni la usingizi lililobaki lilipe kwa kulala mapema.

Na anayetimiza saa zake kila siku lakini bado anasinzia mchana, huku mwenzake akimsikia anakoroma na kukata pumzi, huyo aende hospitali.