Siku moja maishani mwangu kama meneja wa bidhaa: SMS inapochelewa

Saa 2:00 asubuhi. Kabla ya barua pepe, dashibodi ya usajili, yaani ukurasa wa takwimu za wanaojisajili kwenye programu yetu. Tuseme jana watu 1,000 walianza kujisajili, 820 wakaomba namba ya uthibitisho kwa SMS, 540 namba zao zikakubaliwa, 510 wakamaliza. Watu 280 wamepotelea kwenye SMS. Wastani wa muda wa kufika hausaidii kitu hapa. Panga ujumbe kwa sekunde ulizochukua, na unaweza kukuta nusu yake unafika ndani ya sekunde 6, huku asilimia 5 ya mwisho ikizidi sekunde 90. Kama namba inakufa baada ya sekunde 60, hao wa mwisho wameshindwa kabla hawajaanza.

Saa 3:30. Kikao cha kusimama, yaani kikao kifupi cha timu cha kila siku, dakika 15. Nani amekwama, na anamsubiri nani? Ubishi wa kiufundi ukianza, wanaohusika wanabaki, wengine wanarudi kazini.

Saa 4:00. Mahojiano na mtumiaji. Ukimuuliza kama angependa ujumbe ufike haraka, atasema ndiyo, na hujajifunza chochote. Mwombe ajisajili mbele yako, kisha unyamaze. Hapo ndipo utaona kisichoonekana kwenye dashibodi: ujumbe unachelewa, anabonyeza "Tuma tena", seva inatengeneza namba mpya na kuiua ya kwanza. Ya kwanza inafika, anaiandika, inakataliwa. Anabonyeza tena, na kila ombi linafuta namba ambayo bado iko njiani. Kampuni nayo inalipia kila SMS.

Saa 5:30. Kuwaandikia wahandisi kazi. Saa hii ukiiharakisha utailipa kwa wiki nzima. "Boresha uthibitisho" si maelezo ya kazi. Maelezo ni haya: namba idumu dakika 10; "Tuma tena" itume namba ileile; kitufe chake kifunguke baada ya sekunde 30, na sekunde zilizobaki zionekane; mtu akikosea mara 5, namba ife. Mtu wa usalama atauliza kuhusu hizo dakika 10, na ana haki. Jibu liko kwenye kikomo cha makosa: tarakimu 6 zina michanganyiko 1,000,000, kwa hiyo anayekisia ana nafasi 5 katika milioni kwa kila namba, mradi maombi ya namba mpya nayo yawekewe kikomo.

Andika pia yasiyofanywa. Usiposema skrini ya nenosiri haiguswi, kuna mtu ataigusa.

Saa 8:00 mchana. Vipaumbele. Idara ya masoko inataka kipengele cha kualika marafiki. Hesabu ya RICE, njia ya kupima kazi ipi itangulie, ni watu watakaofikiwa, mara athari, mara uhakika, gawanya kwa miezi ya kazi ya mtu mmoja. Kualika: 6,000 × 2 × 0.5 ÷ 3 = 2,000. SMS: 24,600 (820 kwa siku 30) × 1 × 0.8 ÷ 0.5 = 39,360. Udanganyifu hujificha kwenye uhakika. Wazo ambalo hakuna mtumiaji aliyeulizwa, silipi zaidi ya 0.5, hata likitoka kwa mkurugenzi. Na pengo likiwa dogo, tuseme 2,000 kwa 2,300, hesabu haijaamua chochote. Mjadiliane.

Saa 9:30 alasiri. Kupanga jaribio la A/B la SMS: kundi moja linabaki na utaratibu wa zamani, jingine linapata mpya, kisha tunalinganisha. Sasa hivi wanaovuka hatua ya SMS ni asilimia 66 (540 kati ya 820), nasi tunataka kuweza kuona ongezeko la pointi 3. Kanuni ya haraka ya idadi ya watu wanaohitajika ni 16 × wanaovuka × wasiovuka ÷ mraba wa ongezeko: 16 × 0.66 × 0.34 ÷ 0.03², yaani takriban watu 4,000 kila kundi. Kwa maombi 820 kwa siku ni siku 10. Tunaweka 14 ili wiki ziwe kamili, maana watu wa Jumapili si watu wa Jumatatu. Matokeo hayaamuliwi siku ya tatu. Anayechungulia kila asubuhi akisubiri mstari wa grafu uende juu, mwishowe utapanda hata kwa bahati tu. Pembeni tunafuatilia gharama ya SMS kwa kila aliyesajiliwa.

Saa 11:00 jioni. Badiliko la skrini ya malipo, lililokamilika wiki hii, linafunguliwa kwa asilimia 5 ya watumiaji. Ni wachache mno kwa takwimu, lakini wanatosha kufichua programu inayoanguka. Kabla ya kufunga kompyuta naizima swichi ya badiliko hilo kwenye akaunti ya majaribio, nione kama skrini ya zamani inarudi kweli, kisha naiwasha tena.