Dagaa kwanza

Natoka Kibirizi, hapa Kigoma, sasa hivi, nguo zinanuka dagaa. Acha niandike kabla sijaoga.

Jumuiya yetu ilikwenda kumwona mama mmoja aliyefiwa na mumewe. Matanga yameshaanuliwa, ndugu wametawanyika, ndiyo zile siku ambazo simu haiiti tena.

Tukaimba, tukasali.
Kisha yakaanza yale maneno yetu: "Kazi ya Mungu haina makosa." "Jikaze, una watoto."
Yeye anaitikia tu "asanteni", macho yako nje.

Bibi mmoja akayafuata yale macho. Dagaa wako kichanjani, na wingu zito linakuja kutoka ziwani, upande wa Kongo. Bibi akajifunga kanga kiunoni, akatoka bila kuaga, akaanza kuzoa dagaa kwa ungo.

Mfiwa akanyanyuka. Ndipo tukaisikia sauti yake yenyewe: "Bibi, anza na wale wa kule, wameshakauka!"

Tukatoka wote, hata katekista na shati lake jeupe (pole yake, magamba hayo!).

Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kusema neno. Walipofungua midomo ndipo walipoharibu. Sisi wengi tunaanzia hapo pa kuharibu.

Jumamosi tunarudi, paa la jiko linavuja. Wa Mwanga na Ujiji, mwenye misumari ya bati aniambie.

Na nyie wengine, mlipofiwa, nani alikuja baada ya matanga? Alifanya nini?